Uzi: Nilirudi Kanisani baada ya miaka 11, na safari ilianzia kwenye simu

Bandiko #1 (mwanzisha uzi)

Tumsifu Yesu Kristo.

Wakuu, uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Namwandikia mtu mmoja nisiyemjua: amelala na simu mkononi saa nane za usiku, alibatizwa, akapata Komunyo ya kwanza na Kipaimara, kisha akapotea polepole bila kugombana na yeyote. Kwa miaka 11 mtu huyo alikuwa mimi.

Sikuondoka kwa hasira. Jumapili ya kwanza nilikosa kwa sababu ya kazi, ya pili kwa uchovu, ya tatu kwa kuonea aibu zile mbili. Miezi ikawa miaka. Kila nilipofikiria kurudi niliona mlolongo wa mambo ya kuungama, mrefu hata sijui uanzie wapi, nikaahirisha. Anayefikiri kila aliyeacha Misa ameacha kumwamini Mungu, naomba alipime upya hilo. Wengi wetu tulikuwa nje ya mlango tunaona haya kubisha.

Usiku mmoja wa Kwaresima nilikuwa napitisha video bila kutafuta kitu. Ikaja sauti ya mtu anasoma Injili ya siku, Luka 15. Hakukuwa na muziki, picha ni mshumaa tu. Habari ya mwana mpotevu nimeisikia tangu utotoni, ila aya ya 20 nilikuwa nimeisahau kabisa: alipokuwa angali mbali, baba yake alimwona. Nikairudisha nyuma nikaisikiliza tena. Baadaye nilikuja kujua kwamba Injili hiyo husomwa kila mwaka, Jumamosi ya juma la pili la Kwaresima. Maana yake ilisomwa mara 11 nikiwa sipo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa pupa. Wiki hiyohiyo nilipakua programu saba: ya masomo, ya Rozari, ya novena, ya watakatifu, ya Masifu ya Asubuhi na Jioni, na mbili sikumbuki za nini. Nikafuata kurasa kama arobaini. Arifa zikawa zinalia kutwa, na baada ya siku kumi nikazizima zote kwa kuchoka. Nilibakiza jambo moja: masomo ya siku, asubuhi, kabla sijafungua ujumbe wa mtu yeyote. Dakika tano. Nikikosa asubuhi, nafanya jioni, sijilaumu. Hilo moja lilidumu, na mengine yote yalizaliwa humo.

Rozari ilifuata. Nilikuwa nimesahau mpangilio wa matendo, yaani matukio ya maisha ya Yesu na Maria yanayotafakariwa humo, na yale ya mwanga nilikuwa siyajui kabisa, kwa sababu aliyenifundisha Rozari alijifunza kabla ya Papa Yohane Paulo II kuyaongeza mwaka 2002. Nikawa nasali kwa kufuatisha sauti iliyorekodiwa. Jioni moja simu ikazimika katikati ya tendo la nne la uchungu. Nilikaa kimya kidogo, kisha nikaendelea mwenyewe, kwa vidole, mpaka Salamu Malkia. Hapo nikatambua kwamba siku zote zile nilikuwa nasikiliza watu wakisali. Siku ile nilisali.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Kwa miezi kumi nilihudhuria Misa kwa mtandao tu. Nilijiambia ni hatua, na mwanzoni ilikuwa hatua kweli: nilikumbuka majibu, nilikumbuka nyimbo, nilizoea tena kusimama na kupiga magoti. Baadaye ikageuka maficho. Nilichagua padre anayehubiri kwa ufupi. Nilianza kutazama nikiwa kitandani, kisha nikiwa nafanya kazi za nyumbani. Jumapili moja kengele za mageuzo, pale mkate na divai vinapogeuka Mwili na Damu ya Kristo, zikalia nikiwa naosha vyombo, mikono imejaa povu. Nikageuka, nikaona padre ameinua Hostia kwenye kioo kidogo kilichoegemezwa ukutani. Nikafunga bomba. Nilisimama pale, maji yanachuruzika, na nikaona wazi kwamba nimerudi karibu kabisa na mlango na nimeamua kuishi kizingitini.

Jioni hiyo nilisoma hati ya Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii kuhusu Kanisa na intaneti, ya Februari 2002. Inasema waziwazi kwamba kwenye intaneti hakuna sakramenti, na kwamba hata yale mang'amuzi ya dini ambayo mtu anaweza kuyapata humo kwa neema ya Mungu hayatoshi yakitengwa na maisha ya kukutana na waamini wengine ana kwa ana. Iliandikwa kabla hatujawa na simu hizi, na mimi niliisoma kama barua iliyoandikwa kwa jina langu.

Basi nikajiandaa kuungama. Mwongozo wa kuchunguza dhamiri niliupata kwenye simu, umepangwa kwa Amri Kumi, nao ulinisaidia sana kutaja mambo kwa majina yake. Ila dhambi zangu niliziandika kwenye karatasi. Nawasihi mfanye hivyohivyo: ukiziandika kwenye simu, hujui zinahifadhiwa wapi na nani atazisoma. Karatasi nilikwenda nayo, nikarudi nayo, nikaichoma.

Nilimwambia padre, "Ni miaka 11, na nimesahau jinsi ya kuanza." Akasema, "Umeshaanza." Dakika ishirini hivi. Sala ya kutubu nilikwama katikati akanimalizia. Nilipotoka nilikaa kwenye benchi la nyuma kabisa, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sikuwa na haja ya kushika simu.

Mwenye swali aulize. Mwenye njia yake ya kurudi aieleze, kuna mtu anaisoma kimyakimya.

Bandiko #2

Milele, amina.

Mkuu, umeniandika mimi. Miaka sita. Naomba niulize bila kuchekwa: kwa nini siwezi kuungama kwa simu ya video? Padre nimpigie, anisikilize, aniondolee, yaishe. Anayenijua pale parokiani akiniona kwenye foleni ya kitubio nitakufa kwa aibu.

Bandiko #3 (mwanzisha uzi)

Hakuna wa kukucheka, nami nililitafuta swali hilo kwa bidii kwa sababu nilitamani jibu liwe ndiyo.

Swali lenyewe ni la zamani kuliko simu. Mwaka 1602 Papa Klementi VIII alikataa fundisho kwamba mtu anaweza kuungama kwa barua kwa padre asiyekuwepo na kupewa ondoleo la dhambi akiwa mbali. Zama zikabadilika, barua ikawa simu. Mwaka 2011 Marekani ilitoka programu ya kumsaidia mtu kujiandaa kwa kitubio, na askofu mmoja akaiidhinisha. Magazeti yakatangaza kwamba sasa Wakatoliki wataungama kwa simu, ikabidi msemaji wa Vatikani wakati huo, Padre Federico Lombardi, afafanue kuwa hilo haliwezekani kamwe: programu inaweza kukuandaa, ila kitubio ni cha watu wawili walioko pamoja. Na wakati wa janga la Korona mwaka 2020, Kardinali Mauro Piacenza, aliyeongoza Idara ya Toba ya Kitume, ofisi ya Vatikani inayoshughulikia mambo ya kitubio, alieleza kwamba ondoleo linalotolewa kwa simu halina uhalali wa kutegemewa, kwa sababu mwenye kutubu hayupo.

Kuna na hili la juzi. Aprili 2024 shirika moja la utetezi wa imani huko Marekani lilitengeneza "padre" wa akili mnemba wa kujibu maswali. Watu wakamjaribu, akadai ni padre kweli na akatoa maneno ya ondoleo. Ndani ya siku chache walimvua kola na cheo, akabaki jina tupu. Waliomuunda walikuwa na nia njema, naamini. Lakini fikiria mtu mwenye mzigo mzito aliyeamini yale maneno.

Kuhusu aibu, Kanisa limekufikiria. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 964, inataka pawepo viti vya maungamo vyenye wavu kati ya padre na mwenye kutubu, ili anayependa avitumie kwa uhuru. Huhitaji kuonyesha uso. Huhitaji kwenda parokia yako pia, nenda yoyote. Na padre anayefichua siri ya kitubio moja kwa moja anajitenga na Kanisa papo hapo, bila hata kusubiri hukumu. Hapa simu ina kazi: tafuta ratiba ya maungamo ya parokia ya mbali kidogo, au tuma ujumbe tu, "Padre, naomba muda wa kuungama, ni muda mrefu." Huna haja ya kueleza zaidi ya hapo.

Wakati unasubiri siku hiyo, tubu kwa kumpenda Mungu, ukiwa na nia thabiti ya kuungama mapema iwezekanavyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1452, inasema majuto kamili ya namna hiyo huleta msamaha hata wa dhambi za mauti. Usilale na hofu.

Bandiko #4

Ndugu mwanzisha uzi, nimekuelewa, ila nikukosoe kwa upendo. Mimi namuuguza mama. Mwaka wa tatu huu hatoki kitandani. Misa ya kwenye simu kwake siyo maficho. Nampandisha mito, namvalisha kitambaa chake cha kichwa, nawasha mshumaa, na anajibu kila jibu kwa sauti ile aliyobakiwa nayo. Inapofika "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu" analia kila Jumapili. Usiandike kwa namna ya kumfanya mtu kama yeye ajione yuko kizingitini.

Msisahau kwamba Mtakatifu Klara wa Assisi alipokuwa mgonjwa, hawezi kwenda kanisani, inasimuliwa aliiona na kuisikia ibada ya usiku wa Noeli akiwa kitandani kwake. Ndiyo maana Papa Pius XII alimfanya msimamizi wa televisheni.

Bandiko #5 (mwanzisha uzi)

Dada (au kaka, unisamehe), nimekosolewa kwa haki. Mama hayumo kabisa katika niliyoyasema. Amri ya Jumapili haimfungi mgonjwa, wala wewe unayemhudumia asipokuwepo mtu wa kukupokea. Mimi nilikuwa mzima wa afya na kanisa liko karibu, tofauti ni hiyo.

Ila niulize jambo moja: anapelekewa Komunyo? Kama bado, mjulishe paroko, hata kwa ujumbe mfupi. Ni haki yake kabisa, na pia Mpako wa Wagonjwa, ambao hauhitaji kungoja dakika za mwisho. Jumapili ambazo hapelekewi, asali sala ya komunyo ya tamaa, yaani ya kumwomba Yesu aingie moyoni mtu asipoweza kumpokea katika Komunyo. Mpe salamu zetu.

Bandiko #6

Nichangie kwa ukali kidogo. Mtandao huohuo uliomrudisha mwenzetu ulikaribia kunitoa mimi.

Niliingia kwenye kundi nikitafuta sala, nikakuta vita. Komunyo ya mkononi au mdomoni, Kilatini au lugha ya watu, Papa yupi alikuwa mkatoliki zaidi. Mwezi mmoja nikawa najua makosa ya maaskofu wa mabara ambayo sijakanyaga, na sikuwa nimesali hata Baba Yetu moja kwa utulivu. Nilitoka. Nilibaki na ukurasa wa Vatican News kwa Kiswahili kwa habari, na masomo ya siku. Basi. Kama ukurasa unakuacha na hasira kila unapoufunga, uache, hata kama una picha ya Moyo Mtakatifu juu.

Na jihadharini na bandia. Machi 2023 dunia nzima ilisambaza picha ya Papa Fransisko amevaa koti kubwa jeupe la kisasa, kumbe imetengenezwa na kompyuta. Papa Leo XIV alichaguliwa tarehe 8 Mei 2025, na kabla mwezi haujaisha tayari ilikuwepo video ya uongo ikimwonyesha anatoa ujumbe kwa rais wa Burkina Faso, maneno ambayo hakuyasema. Kama sauti ya Papa inaweza kuigwa, ya paroko wako je? Mtu akijiita padre mtandaoni akakuomba fedha ili akuombee au akuondolee laana, funga mazungumzo. Ukitaka kutoa nia ya Misa, nenda ofisi ya parokia.

Bandiko #7

#6 umesema kweli. Mimi ni katekista wa vijana, na huwa nawapa mfano wa Carlo Acutis. Alizaliwa London mwaka 1991, akakulia Milano, akafa kwa leukemia Oktoba 2006 akiwa na miaka 15. Alijifunza kompyuta mwenyewe, akatengeneza tovuti ya miujiza ya Ekaristi. Septemba 7, 2025 Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu. Vijana wangu hufurahia habari za kompyuta. Mimi huwaambia watazame alikuwa anakwenda wapi kila siku akishaizima: Misa, na kukaa mbele ya Tabernakulo, pale Ekaristi inapohifadhiwa kanisani.

Bandiko #8

Nimesoma yote kimyakimya, nami ni mmoja wa uliowaandikia. Tatizo langu si aibu. Nilifunga ndoa kanisani, ikavunjika, sasa naishi na mtu mwingine na tuna watoto. Kila ninachosoma mtandaoni, huyu ananiambia nimeshapotea, yule ananiambia jongea tu ukomunike hakuna shida. Nimsikilize nani?

Bandiko #9 (mwanzisha uzi)

Ndugu yangu, asikudanganye mtu: hujatengwa na Kanisa. Papa Yohane Paulo II mwaka 1981 aliandika kuhusu walio katika hali kama yako kwamba wasijione wamejitenga na Kanisa, kwa kuwa kama wabatizwa wanaweza, na tena wanapaswa, kushiriki maisha yake: kusikiliza Neno la Mungu, kuhudhuria Misa, kudumu katika sala, kuwalea watoto katika imani. Hayo yote unaweza kuyaanza Jumapili hii.

Kuhusu kukomunika, mimi si wa kukujibu, na huyo wa kwenye video pia si wa kukujibu, kwa sababu hakuna anayeijua historia yako. Ndoa ya kwanza inaweza kuchunguzwa na mahakama ya Kanisa ili kuona kama ilikuwa halali tangu mwanzo. Papa Fransisko alirahisisha taratibu hizo mwaka 2015: zamani hukumu ya ubatili ilihitaji kuthibitishwa na mahakama ya pili, sasa hukumu moja inatosha isipokatiwa rufaa. Si kila ndoa itaonekana batili, sitaki kukupa tumaini la uongo. Lakini hutajua kwa kusoma maoni ya watu. Tumia simu kwa jambo moja tu wiki hii: mpigie padre, omba saa moja ya kukaa naye. Andika tarehe za ndoa, mlivyochumbiana, nani alikulazimisha kama yupo. Nenda na hayo.

Nitakutaja kwenye Rozari ya leo bila jina. Mungu anakujua.

Bandiko #10

Jina linatosha kuwa "yule wa bandiko la nane". Asante. Nimeshampata katibu wa parokia, Alhamisi jioni.

Bandiko #11 (yule wa bandiko #2)

Wapendwa, siku tisa zimepita tangu niulize swali langu. Leo nimekwenda. Parokia ya mbali, kama mlivyonishauri, wavu katikati. Nilitetemeka mpaka padre akaniambia nivute pumzi.

Malipizi niliyopewa na padre, yaani tendo la kulipia dhambi, yalikuwa kusoma Zaburi ya 51. Sikuwa na Biblia, nikaifungua kwenye simu. Mzee aliyeungama kabla yangu alikuwa benchi moja nami, anafunua kitabu chake cha sala huku na huku, kisha akaninong'oneza kwamba miwani ameisahau na Zaburi yake ni hiyohiyo. Nikakuza maandishi, nikaweka simu katikati yetu, tukaisoma pamoja kwa sauti ya chini mpaka mwisho.